Mwavuli wa Mzee Nukta

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita, baada ya kusoma vipimo vya saa tisa alasiri, mpimaji mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa atafunga daftari, atatundika funguo kwenye msumari wake na kustaafu, akiwa ametumika miaka thelathini na minne. Kwa siku sita za kazi kila wiki, ukitoa likizo ya siku ishirini na nne kwa mwaka, hizo ni siku 9,792. Kila siku alisoma vipimo mara tatu. Jumla ni mara 29,376. Mwandishi wa wasifu huu amehesabu mwenyewe, na mwenye kubisha kalamu anayo.

Makao makuu wamemwandalia cheti kinachosema ametumika "zaidi ya miaka thelathini". Mstaafu alipokiona hakufurahi. Alisema zaidi ya thelathini inaweza kuwa thelathini na moja, inaweza kuwa tisini, na yeye hakuajiriwa kuandika mambo ya namna hiyo. Cheti kimerudishwa kurekebishwa. Tunaambiwa kitafika kwa wakati. Tunaambiwa.

Kwa tabia hiyo ndiyo maana mji mzima unamwita Mzee Nukta. Ukimuuliza mvua ya jana ilikuwaje, hatakwambia kubwa wala ndogo. Atakwambia kumi na mbili nukta nne. Mwalimu mkuu aliwahi kumtania mbele ya duka: "Mzee, sema basi kumi na mbili, hiyo nukta nne tugawane." Mzee Nukta akamjibu bila kucheka kwamba mji huu una kilomita za mraba tano, na nukta nne ya milimita juu ya eneo hilo ni lita milioni mbili za maji. "Ukija kuchukua fungu lako, mwalimu, njoo na ndoo."

Methali moja tu ndiyo aliyokuwa na ugomvi nayo, ile isemayo dalili ya mvua ni mawingu. Mtu akiitamka mbele yake alitaka kujua ni mawingu mangapi kwa nane, ya aina gani, na yako juu kiasi gani. Sisi wapimaji huligawa anga vipande vinane na kuhesabu vilivyofunikwa. Katika madaftari yake kuna siku 214 ambazo anga lilifunikwa nane kwa nane tangu asubuhi na halikudondoka hata tone. Alikuwa tayari kumwonyesha mtu yeyote orodha yake. Watu waliacha kuitamka methali hiyo, si kwa kushawishika, bali kwa kuogopa orodha.

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na sanduku la bati na barua ya kuajiriwa. Kituo kilikuwa hivi hivi kilivyo: chumba kimoja chenye viti vitatu, na nje yake uzio wa waya, ndani yake kibanda cheupe cha vipimajoto kilichosimama kwa miguu minne, kipimamvua, na mlingoti wenye mshale wa kuonyesha upepo unakotoka. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kwa miaka miwili kabla ya yeye kuja, upepo wa mji huu ulivuma kutoka kusini tu, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Siku yake ya tatu kazini alipanda mlingoti na chupa ya mafuta ya cherehani, na tangu hapo upepo ukapata uhuru wake.

Mvua iliyoandikwa kwa mkono wake kwa miaka yote hiyo ni milimita 29,614.2. Ukizisimamisha wima unapata karibu mita thelathini, kimo cha jengo la ghorofa tisa. Mji wetu hauna jengo la ghorofa tatu.

Asubuhi moja alikuta chura ndani ya kipimamvua. Mtu mwingine angemtoa, akapima maji, akaenda kunywa chai. Mzee Nukta alisimama pale dakika kumi akijiuliza mambo mawili: chura aliingia mkavu au aliingia amelowa? Na wakati wa kutoka ameondoka na kiasi gani? Hatimaye aliandika nane nukta moja, na pembeni akaongeza: "Chura mmoja, hai, ameondolewa." Makao makuu waliandika kuomba ufafanuzi kuhusu chura. Akawajibu ukurasa mzima. Wakaandika tena kusema ufafanuzi umetosha.

Miaka kumi na tisa iliyopita kituo kiliajiri mtu wa kufyeka majani, maana majani yakirefuka karibu na vipimo, vipimo hudanganya. Mfyeka majani huyo ndiye anayeandika haya. Mzee Nukta aliona kwamba kila nikimaliza kufyeka nilikuwa nikichungulia daftari na kujumlisha safu za tarakimu kichwani, na mara mbili nilimwambia amekosea. Mara ya kwanza alinuna. Mara ya pili alinipa kalamu. Nilitaka kufanya mtihani wa upimaji nikakataliwa kwa sababu sikuwa na cheti cha darasa ambalo sikupata bahati ya kulisoma. Aliandika barua saba. Ya saba ilisema kwa kifupi kwamba anaomba majina ya waliokataa, ili ayaandike kwenye daftari pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Nikaruhusiwa. Hesabu nilipata tisini na sita, na zile nne hadi leo sijaonyeshwa zilikwenda wapi.

Sasa tuje kwenye mwavuli, maana najua ndiyo habari mnayoisubiri.

Kanuni yetu ni moja na ni kali. Kituo kama hiki kazi yake ni kupima mvua iliyokwisha kunyesha. Kusema ya kesho ni kazi ya makao makuu peke yao, na mtumishi wa kituo akitoa utabiri kwa umma, kazi hana. Kila asubuhi makao makuu hutuletea utabiri wa siku, nami huunakili kwa chaki kwenye ubao uliopo nje ya lango letu. Nina mwandiko mzuri. Sijisifu, waulizeni wenye macho. Lakini kwa miaka minne ya kwanza niliona jambo lililoniumiza. Watu walikuja asubuhi, wakasimama mbele ya ubao wangu, wakaupa mgongo. Walikuwa wanaangalia barabara. Walikuwa wanamsubiri Mzee Nukta apite, waone kama amebeba mwavuli.

Aliyeanzisha mambo haya ni fundi matofali, ambaye uwanja wake uko kando ya njia ile. Matofali mabichi yaliyoanikwa hayavumilii mvua hata ya dakika kumi; hurudi kuwa udongo, na mtu huanza upya. Huyu bwana aligundua kwamba siku mzee anapopita na mwavuli wake mweusi wenye mpini wa mbao, mara nyingi hunyesha, na anapopita mikono mitupu, jua huwaka. Hakumwambia mtu ila dobi. Dobi naye hakumwambia mtu ila mji mzima. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeanika nguo, aliyemwaga zege wala aliyepanga mechi kabla ya saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, saa ambayo mwavuli ulipita au haukupita. Mzee mwenyewe akiulizwa kama itanyesha alijibu maneno mawili tu: "Uliza ubao." Na mwulizaji alimwangalia mkononi.

Nilianza kuhesabu. Niseme ukweli, sikuhesabu kwa mapenzi. Nilitaka kumthibitishia fundi matofali kwamba ubao wangu ni bora kuliko mwavuli wa mtu. Nyuma ya daftari la zamani nikachora safu nne na kila siku nikaweka alama.

Ikafika Jumamosi moja, miaka kumi na moja iliyopita. Ujiti mmoja wa mwavuli ulikuwa umevunjika, na Mzee Nukta akaubeba ili jioni akitoka kazini aupitishe kwa fundi viatu, ambaye hushona na miavuli pia. Hakufikiri zaidi ya hapo. Anga lilikuwa limetakata, sifuri kwa nane. Na hapo ndipo watu walipoingiwa na hofu. Ingekuwa kuna mawingu, wangesema mvua ya kawaida. Lakini mwavuli chini ya anga jeupe kama lile? Fundi matofali alinieleza baadaye jinsi alivyowaza: "Nikasema huyu mzee kaona kitu ambacho sisi hatujakiona. Hii siyo mvua, hii ni gharika."

Matofali yalifunikwa. Soko halikufunguliwa. Mashindano ya mbio ya shule yaliahirishwa, na mwalimu mkuu akawarudisha watoto nyumbani kwa makundi. Harusi iliyoandaliwa bustanini, chini ya vivuli, ilihamishiwa ukumbi wenye nafasi ya watu mia na ishirini. Waalikwa walikuwa mia tatu na arobaini. Madirisha yalifungwa ili gharika isiingie. Watu wanne walizimia, mmoja wao bwana harusi.

Vipimo vya siku hiyo: joto thelathini na tatu nukta nane, mvua sifuri nukta sifuri.

Baba wa bibi harusi aliandika malalamiko makao makuu kuhusu "utabiri wa uongo uliotolewa kwa umma kwa njia ya mwavuli". Siku ya tisa ikaja barua yenye mhuri mwekundu: mpimaji mkuu ajieleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini asifukuzwe kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu kazini na watoto watatu shuleni. Akifukuzwa, haondoki na kitu isipokuwa lile sanduku la bati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, asubuhi ile alisoma kipimajoto mara mbili.

Maelezo yake aliyaandika kwa sentensi moja: "Mwavuli ulikuwa umevunjika." Nilimwambia mzee, hiyo haitoshi. Akasema ndiyo kweli yote, kweli hairefushwi. Basi mimi, bila kumwambia, nikaambatanisha jedwali langu la miaka minne ili wakubwa waone wana mtu wa aina gani. Siku za kazi 1,152. Siku alizobeba mwavuli 300, na kati ya hizo mvua ilinyesha 234. Siku ambazo hakubeba 852, na kati ya hizo haikunyesha 761. Mwavuli ulipatia siku 995, yaani asilimia themanini na sita nukta nne. Ubao wa makao makuu, ulionakiliwa na mimi kwa mwandiko mzuri, ulipatia siku 821, asilimia sabini na moja nukta tatu. Mwavuli uliwazidi wataalamu kwa siku 174.

Bahasha ikaondoka. Nikalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa nilichokifanya. Mzee alishitakiwa kwa kutabiri siku moja, na mimi, mtetezi wake, nilikuwa nimewathibitishia kwa tarakimu zisizo na shaka kwamba ametabiri siku 1,152. Na juu ya hapo nikawaambia wakubwa kuwa hawajui kazi. Nilimwendea kumweleza. Akaniuliza kama asilimia zile nilizihakiki. Nikasema mara tatu. Akasema, "Basi angalau tutafukuzwa kwa hesabu sahihi."

Kamati ya watu watatu ilikuja siku ya Jumanne. Kwa kuwa kituo kina viti vitatu, walikaa wao, sisi tukasimama. Mwenyekiti alikuwa na jedwali langu mbele yake, na nilitambua kwa uso wake kwamba alikuwa amelisoma hadi mstari wa mwisho. Akauliza swali moja tu: "Unajuaje siku ya kubeba mwavuli?"

Mzee Nukta akasema, "Sijui, mheshimiwa."

"Hujui? Siku mia tisa tisini na tano unapatia, halafu hujui?"

"Mwavuli napewa mlangoni na mke wangu. Akinipa, nabeba. Asiponipa, sibebi, ila siku ile ulipovunjika. Sikutabiri, mheshimiwa. Nilitii."

Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa na pete kidoleni, akaizungusha. Mjumbe wa pili akakohoa. Wakaamua kumwita mke wa mtuhumiwa. Alikuja moja kwa moja kutoka jikoni, upawa mkononi, kwa sababu hakuambiwa anaitiwa nini na alidhani mumewe kaanguka mlingotini. Alipomwona amesimama mzima, kwanza alimgombeza yeye kwa kumtisha, kisha akawageukia wageni.

Yale aliyoyasema nimeyahifadhi miaka kumi na moja. Yaliandikwa kwenye kumbukumbu za siri, na ni leo tu, kwa ruhusa yake mwenyewe, yanapotolewa hadharani. Alisema: "Nyumbani kwangu kuna mlango wa stoo. Asubuhi nikitoa unga naufunga. Siku nyingine unafunga vizuri, siku nyingine unagoma, mbao inakuwa imevimba. Ukigoma, nampa baba watoto mwavuli. Ukifunga, simpi. Sikusomea chochote. Sasa mnataka kuniandikia barua mimi, au mnamwandikia mlango?"

Mjumbe wa tatu aliomba, kwa sauti ya chini, kama anaweza kwenda kuuona.

Walikwenda wote. Walifungua, wakafunga, wakafungua. Jua lilikuwa kali, na mlango ulifunga laini. Waliporudi mwenyekiti alisema kanuni inakataza mtumishi kutabiri, haikatazi mtumishi kumsikiliza mkewe, na wala haisemi lolote kuhusu milango. Mzee Nukta hakufukuzwa. Mama watoto alikuwa ameokoa miaka ishirini na mitatu kwa dakika zisizozidi nne, na akawaaga kwa kuwaambia kwamba wameuacha mlango wazi na panya wataingia.

Lakini serikali haiondoki mikono mitupu. Ikaja amri: kuanzia siku hiyo, watumishi wote wa kituo ama wabebe mwavuli kila siku, ama wasibebe siku yoyote, wala koti la mvua, wala dalili nyingine inayoweza kueleweka vibaya na umma. Mzee akaambiwa achague. Alichagua kutobeba. Alisema akibeba siku ya jua atakuwa anasema uongo kwa mkono, na asipobeba atakuwa amenyamaza tu, na kunyamaza si dhambi. Jioni hiyo mwavuli ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ule ule wa stoo.

Amri ilisema watumishi wote. Watumishi wote tulikuwa wawili. Sikuulizwa. Mzee anakaa mita elfu moja na mia mbili kutoka kituoni. Mimi nakaa kilomita nne na mita mia tatu. Kwa miaka hii kumi na moja yeye amelowa mara 407, mimi mara 561, na mwavuli haukuwa wangu. Simlaumu. Nataja tu.

Fikirini yeye alivyolowa, ndugu zangu. Sisi wengine hulowa kwa kutojua. Yeye mara nyingi aliondoka nyumbani akiwa amesikia kwa masikio yake mlango ukigoma, mkewe akiwa amesimama pale na mikono ameikunja, mwavuli ukiwa hatua mbili nyuma yake, na akatoka hivyo hivyo. Kipimo cha saa kumi na mbili hakingoji mvua ipite. Alifika kituoni akichuruzika, akasoma, akaandika kwa penseli kwa sababu wino ungelowa, na hakuchelewa hata siku moja. Hilo nalo nimehesabu.

Mji haukukubali kirahisi. Waliponyimwa mwavuli, walianza kumsoma yeye mwenyewe. Walitazama kama amekunja suruali. Siku moja alipita mbio kwa sababu zake binafsi za tumbo, na soko lote likafunika bidhaa. Wakahamia kwenye kamba ya nguo ya mkewe, hadi mama wa watu akaanza kuanika ndani. "Niliolewa na mtu," aliniambia, "sikuolewa na idara." Lakini akaanika ndani. Fundi matofali ndiye aliyesumbua zaidi. Alikuja kwenye uzio karibu kila wiki kubembeleza: "Mzee wangu, basi kohoa tu. Kama itanyesha, kohoa mara moja. Nani atajua?" Mzee Nukta akajibu, "Uliza ubao," na tangu siku hiyo akaacha kukohoa hadharani, hata alipokuwa na mafua.

Na wakauliza ubao. Hawakuwa na njia nyingine. Kwa mara ya kwanza watu walisimama mbele ya mwandiko wangu wakiwa wameuelekea. Utabiri wenyewe nao umetengemaa. Kwa hesabu zangu za miaka mitatu iliyopita umefikia asilimia themanini na mbili nukta sita. Makao makuu wanasema ni mitambo mipya. Sibishi. Nasema tu kwamba siku ile mjumbe wa tatu alibaki nyuma ya wenzake, na nilimwona akipima unene wa mlango kwa rula.

Kuna jambo moja la mwisho, halafu niwaachie nafasi wenye hotuba.

Baada ya amri ile, Mzee Nukta aliweka shati la akiba kwenye droo ya meza, la kubadilisha akifika amelowa. Yeye ni mrefu na mwembamba. Mimi, kama mnavyonijua, sikujaliwa urefu, nikafidiwa kwa upana. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakaa na nguo mbichi hadi saa tano, nikinung'unika kwa sauti ya kusikika. Asubuhi moja nilifika nachuruzika, nikafungua droo kutafuta kifutio, nikakuta mashati mawili. La pili lilikuwa pana, fupi, kola imepigwa pasi. Yeye alikuwa ameshika darubini yake na anajifanya anahesabu mawingu. Nikalivaa. Kwa miaka kumi na moja shati lile limefuliwa na mama watoto, likarudi kwenye droo ile likiwa limenyooka, na lilipochakaa likaja jingine la kipimo kile kile. Mengi nimehesabu katika maisha yangu, hilo sikulihesabu.

Sasa kuhusu sherehe. Itafanyika Jumamosi, siku moja baada ya kustaafu, kwenye uwanja wa kituo, kuanzia saa nne asubuhi. Ubao utasema siku hiyo itakuwaje, nami nitauandika kama kawaida. Lakini amri ile ya mwavuli inamhusu mtumishi, na Jumamosi Mzee Nukta hatakuwa mtumishi tena. Atakuwa raia mwenye nyumba, mke, mlango wa stoo na msumari. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, mama watoto anaweza kumpa kitu mlangoni au asimpe, na hakuna wa kumwandikia barua.

Kamati ya maandalizi ilinituma nikamuulize kama tusimamishe turubai. Niliuliza kwa adabu zote. Alitabasamu, na akasema bado anazo siku nne za utumishi.

Kwa hiyo kamati imeamua yafuatayo. Turubai litakuwepo, limekunjwa, kamba tayari, chini ya usimamizi wa fundi matofali, aliyejitolea na ambaye tangu wiki iliyopita halali vizuri. Viti havitaelekezwa jukwaani. Vitaelekezwa barabarani. Waalikwa wote, pamoja na baba wa bibi harusi yule, ambaye sasa ni babu wa watoto watatu na amesamehe, wanaombwa wawe wameketi kabla ya saa nne, wanyamaze, na waangalie anakokuja. Akitokea na mwavuli, tutafunga kamba. Akitokea mikono mitupu, tutakaa juani kwa raha zetu. Anaomba, na mimi namsaidia kuomba, kwamba mtu asiende nyumbani kwake asubuhi hiyo kuujaribu mlango. Ni nyumba ya watu. Na seremala aliyejitolea mara mbili kuupiga randa bila malipo, akakataliwa na kudhani anadharauliwa, natumaini sasa ameelewa.

Zawadi ya kituo ni shati moja, refu, jembamba, kola imepigwa pasi. Pasi hiyo imepigwa na mke wangu. Safari hii ni zamu ya nyumba yetu. Lile pana litabaki drooni, maana amri ya watumishi wote bado ipo, na kuanzia Jumamosi watumishi wote ni mimi.

Ahsante, Mzee Nukta, kwa upepo ulioufungua, kwa chura uliyemtendea haki, kwa barua saba na kwa kila nukta uliyokataa kuitupa. Ahsante mama watoto, mtabiri wetu mkuu asiye na mshahara. Tunawatakia miaka mingi ya afya na usingizi wa asubuhi, na mvua za kutosha zinyeshe mkiwa ndani. Umelowa kwa ajili yetu mara mia nne na saba, mzee wetu. Nenda sasa ukatembee mkavu.